Mwandiko wa Barua ya Wakulima

Masisi, Jumanne, 1956

Sijamwambia mtu yeyote shuleni: barua ya wakulima kwa administrateri, Mbelgiji anayetawala wilaya yetu, ya kukataa mashamba yetu kupewa mzungu anayelima pareto, niliiandika mimi. Wao walitia sahihi kwa alama za vidole vyenye wino, zilizopangwa kwa duara, ili asijulikane aliyetangulia. Mwandiko hatukuufikiria.

Leo karani wa administrateri ameingia darasani na barua ile mkononi. Wakinitambua, watamfunga Papa, baba yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenipa kalamu.

“Nani iko na hii mwandiko?”

Yosefu, ninayekaa naye dawati moja, akajibu, “Sisi wote, Papa karani. Mwalimu wetu iko mumoja tu.”

Wenzangu walicheka. Karani alikusanya madaftari yetu yote, akaondoka nayo.

Baada ya masomo nilikwenda shambani, nikamwambia Papa kwamba karani amechukua daftari langu. Akaniomba ile kalamu, akaifukia kwenye tuta.