Mke wangu alileta isale kwa ajili ya mbwa

Mpendwa Mama Stella, naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba jina langu lisitokee, maana huku Masama gazeti moja linasomwa na watu ishirini kabla halijafungiwa nyama buchani, na mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mzee wa kanisa, tena mwenyekiti wa kitongoji, sijawahi kuandika barua ya namna hii na hata sasa naandikia kwenye banda la ng'ombe ili mke wangu asinione. Majina yote humu nimeyabadilisha.

Mdogo wangu Ebenezeri anauza vipuri vya magari Dar es Salaam tangu biashara zilipofunguliwa, Mungu amembariki, na kwenye kihamba, kile kipande cha shamba la ukoo alichoachiwa na marehemu baba, amejenga nyumba ya vigae vyekundu, hatua hamsini kutoka kwangu, nyumba ambayo watu hulala ndani yake siku kumi kwa mwaka, yaani Krismasi mpaka mwaka mpya. Krismasi iliyopita alikuja na mbwa watatu wakubwa wa kulinda nyumba hiyo, Komando, Bosi na jike lao Malkia, wakafungiwa ndani ya ukuta, majirani waliwasikia tu wakibweka, akawakabidhi kwa mlinzi na tarehe tatu Januari akaondoka na familia yake. Mlinzi alivumilia mpaka Machi kisha akaondoka bila kuaga, nikabaki mimi na funguo za geti na mbwa watatu wenye njaa, na hapa, Mama Stella, ndipo aibu yangu ilipo, nilifungua geti nikawaacha watoke, nikajisemea watajitafutia.

Kweli walijitafutia. Walikula mayai ya watu, waliwakimbiza wanakwaya wakitoka mazoezini, wakajiunga na mbwa wa buchani wakawa kundi, na mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika, wakaingia kwenye banda la Mzee Yoramu, jirani yetu wa chini ya mfereji, wakamuulia mbuzi wawili, na mmoja alikuwa mbuzi wa maziwa aliyempata kwa mradi wa kanisa, ambaye maziwa yake ndiyo mkewe alikuwa anakunywa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Mzee Yoramu hakupiga kelele. Alikuja kwangu ameshika kamba tupu ya mbuzi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza, "Mwenyekiti, mbwa hawa ni wa nani?" Nami nikamjibu, "Mzee wangu, hawana mwenyewe, ni wazururaji tu wa huko sokoni Kwa Sadala." Akatazama vile vigae vyekundu juu ya migomba, akanitazama mimi, akasema, "Haya, kama ni wa Kwa Sadala," akaenda zake.

Sasa mke wangu, Mama Elifuraha. Huyu ni mwanamke mfupi, mpole, hata kuku hachinji yeye. Tangu mbuzi wale wafe alianza kuchemsha pumba na vichwa vya dagaa kwenye debe kuukuu, kila siku saa nne asubuhi, akimaliza kukata majani ya ng'ombe, anaenda mpakani kwenye ua wetu wa masale, anagonga debe kwa kijiti mara tatu, na mimi nimejificha nyuma ya mgomba nimeona kwa macho yangu wale mbwa wanatoka kila upande na kukaa chini. Wanakaa, Mama Stella! Mbwa waliomkimbiza mwinjilisti mpaka akapanda juu ya mparachichi, wanakaa kwenye mstari kama watoto wa kipaimara, na hawagusi chakula mpaka aseme "Haya." Amewaogesha kwa dawa ya kupe. Bosi alikuwa na kidonda kikubwa cha waya mguuni, amekitibu kwa maji ya chumvi mpaka kimefunga. Tangu mwezi wa sita hakuna yai lililopotea wala mtu aliyekimbizwa, na Malkia analala mlangoni pa banda la Mzee Yoramu, palepale alipofanya uovu, hakuna hata kicheche anayesogea. Mimi nimeongoza kitongoji miaka kumi na moja na sijawahi kumfanya mtu yeyote asubiri niseme "Haya."

Lakini mkutano wa kitongoji ulikuwa umekwisha kuitishwa. Watu walikuja na hasira zao za tangu masika, nami nikasimama mbele yao nikarudia kwamba mbwa hawa hawana mwenyewe, tukapitisha kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao atakuja mtu wa bunduki kutoka wilayani na mbwa yeyote asiye na mwenyewe na asiye na kadi ya chanjo atapigwa risasi, nami nikatia sahihi. Kabla sijafunga kikao mke wangu akaingia, ameshika jani la isale lililofungwa fundo, kama wanavyofanya wazee wetu mtu anapokwenda kuomba msamaha, akapita katikati ya watu mpaka mbele ya Mzee Yoramu, akasema, "Mzee wangu, nimekuja kwa ajili ya mbwa hawa watatu. Tusamehe." Ukumbi mzima ukacheka. Mzee Yoramu peke yake hakucheka, alikuwa ameanza kuinuka na mkono ameunyoosha, lakini mimi niliona aibu, nikawahi kulichukua lile jani, nikasema, "Mama Elifuraha, isale ni ya watu, siyo ya mbwa, kaa chini," nikalitupa dirishani. Watu wakacheka zaidi na mimi nikacheka nao.

Tangu siku hiyo mke wangu hagombani nami. Chai iko mezani, maji ya kuoga yapo, nguo zimepigwa pasi, na ananiitikia vizuri, lakini nyumba imekuwa baridi kama Julai. Lile jani alitoka nje akaliokota, akalichomeka kwenye ukuta wa jiko, liko pale mpaka leo, sijui analiweka la nini. Na juma lililopita nikitafuta miwani kwenye sanduku lake nikakuta kadi tatu za chanjo ya kichaa cha mbwa, zina muhuri wa bwana mifugo, kumbe alishuka mpaka sokoni Kwa Sadala na mkungu wa ndizi kichwani kwenda kumtafuta huyo bwana, na kwenye nafasi ya mwenye mbwa ameandika jina langu mimi, lote, pamoja na la baba yangu.

Nimezishika kadi hizo karibu na moto wa jiko mara mbili na mara mbili nimezirudisha. Zikijulikana, watu watajua niliwadanganya. Nikizichoma, mbwa watakufa na sidhani kama mke wangu atanitazama tena usoni. Je, isale inaweza kuletwa kwa ajili ya mbwa? Na nifanye nini nisionekane mwenyekiti aliyeshindwa na mke wake mwenyewe?

Ni mimi Mwenye Aibu, Masama.


Ndugu Mwenye Aibu,

Barua yako nimeiweka juu ya nyingine zote kwa sababu ya hiyo Jumamosi yako. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilikasirika, na mara ya tatu nilitamani nipande basi nije Masama kumpa mkono Mama Elifuraha.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Najua uzito wa kumtaja ndugu yako mbele ya watu, tena ndugu ambaye kila Krismasi anauchinjia ukoo mzima. Kumwambia tajiri wa ukoo kwamba mbwa wake wamekula mbuzi wa maskini si kazi ndogo. Na nyumba hizi za vigae ziko kila kihamba siku hizi, wenyewe wakirudi mjini zinabaki na mlinzi asiyekula vizuri na mbwa wasiokula kabisa. Mnashangaa wazururaji wanatoka wapi! Wanatoka getini kwenu, mwezi wa tatu.

Lakini wewe baba, umenichosha. Ulifungua geti kwa mkono wako, ukamdanganya mzee aliyekuja na kamba tupu, ukadanganya mkutano, ukatia sahihi mbwa wauawe ili uongo wako uzikwe nao. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chako kimepangiwa tarehe.

Sasa tumtazame mkeo, maana wewe unaishi naye na hujamwona. Kitongoji kizima kiliitisha mkutano, kikaandika muhtasari, kikaomba bunduki. Yeye alichukua debe. Alielewa jambo ambalo kamati yako haikulielewa, kwamba mbwa huzurura kwa njaa, na akishajua atakula wapi na saa ngapi, na ni nani anayemwambia "Haya," hana haja ya kuvunja banda la mtu. Akawaogesha, akamtibu mmoja mguu, akabeba mkungu kichwani mpaka Kwa Sadala kutafuta chanjo ili wasije wakaleta kichaa kijijini. Halafu akamweka yule jike alinde banda lilelile alilolivunja. Nimeandika safu hii miaka tisa na nimeshauri wake kwa waume wengi, na nakiri kwamba kwa akili ile nisingeweza kumshauri kitu mwanamke huyo. Ningekaa nimsikilize.

Unauliza kama isale inaweza kuletwa kwa ajili ya mbwa. Mimi ni mzaliwa wa Kirua Vunjo, isale naijua kabla ya kujua kusoma. Wewe mwenyewe unajua kwamba anayeipeleka ni aliyekosa, au mtu wa nyumba ya aliyekosa, na kwamba aliyekosewa akiletewa hawezi kuikataa. Mbwa hana kosa, mbwa ana njaa. Aliyekosa ni nani hapo, baba? Mama Elifuraha alijua ni nani aliyefungua geti. Anaishi hatua hamsini kutoka hapo, na ana masikio. Angeweza kusimama katika ukumbi ule akasema neno moja tu na uenyekiti wako ukaishia pale. Hakusema. Alichuma isale, akawasingizia mbwa, akakuombea msamaha wewe mbele ya watu waliokuchagua, bila mmoja wao kujua. Alikubali achekwe yeye ili wewe usiaibike.

Mzee Yoramu alielewa, ndiyo maana aliinuka. Mkono ulikuwa umekwisha kunyooshwa! Pumzi moja zaidi na ungekuwa umesamehewa bila kufungua kinywa. Wewe ukaunyakua msamaha wako mwenyewe ukautupa dirishani, kisha ukacheka.

Basi sikiliza. Kadi zile ziondoe karibu na moto. Kwa kuandika jina lako mkeo alisema tu ukweli ambao wewe ulishindwa kuusema. Leo hii nenda kwa Mzee Yoramu, uende na mkeo, naye atembee mbele. Mwambie mzee mbwa ni wa nani na geti lilifunguliwa na nani. Usimtaje mlinzi wala mvua. Mpelekee mbuzi jike mwenye mimba kutoka zizini kwako, na mpaka azae, lita moja ya maziwa ya ng'ombe wako ipelekwe kwa mkewe kila asubuhi, na uipeleke wewe, siyo kumtuma mtu.

Kabla ya hiyo Jumamosi itisha mkutano mwingine katika ukumbi uleule, utoe kadi mezani na uwaambie watu kwamba uliwadanganya. Watanuna, wengine watasema ujiuzulu, na wakisema hivyo usibishane nao. Ila nakuambia kwa uzoefu, watu wa kwetu humvumilia kiongozi aliyekiri kuliko aliyefumaniwa. Muungwana ni kitendo. Mkiwa mmekaa hapo, mwambieni na mwenye bucha achimbe shimo la kufukia matumbo, na kila mwenye mbwa ampeleke kwa bwana mifugo achanjwe, na madume yahasiwe, kisha muone kama mtahitaji bunduki.

Ebenezeri mwandikie barua ndefu kama hii uliyoniandikia mimi. Ajenge banda la mbwa lenye paa, alete pumba za mwaka mzima, au akubali kwamba mbwa si wake tena. Akikasirika, akasirike akiwa Dar. Krismasi atakuja tu, hakuna Mchagga aliyewahi kukosa Krismasi kwa sababu ya mbwa.

Na mkeo usimnunulie kitenge, tafadhali. Wanaume mkikosa mnakimbilia kitenge. Kesho saa nne asubuhi uchemshe pumba wewe, ubebe debe wewe, ugonge mara tatu. Mbwa watakutazama wewe, kisha watamtazama yeye kwanza, na itakuuma kidogo. Vumilia.

Unaogopa kuonekana mwenyekiti aliyeshindwa na mkewe. Baba, mtu anayekutangulia kwenda kukuombea hajakushinda. Na unasema lile jani ukutani jikoni hujui analiweka la nini. Ni lako. Lichukue leo, kabla halijakauka.