Tulipokwenda Kumpa Dezire Pole

Alhamisi, Merrylands. Mvua tangu asubuhi, na upepo ule wa Julai wa huku ughaibuni unaoingia mpaka kwenye mifupa. Nimerudi nimelowa na sijabadilisha nguo. Nimekaa tu mezani na koti langu.

Leo nimelia kwenye treni. Mwanamke mzima, na sare ya kazi, nalia mbele ya watu na simu zao. Hakuna aliyeniuliza kitu, na nilishukuru.

Mnaonisoma hapa mnajua msimamo wangu: ombaomba simpi hela mkononi. Si uchoyo. Nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, najua mkono ulionyooshwa unavyochoka. Ila sarafu huisha siku ileile, na kesho mtu yuko palepale kwenye baridi. Kwa hiyo changu nakipeleka kwenye shirika moja la hisani pale Granville, lenye chakula, bafu la maji moto na watu wanaojua njia za kumpatia mtu chumba. Kila Alhamisi nikitoka shifti kwenye nyumba ya wazee, napita ukumbini kwao kupakua chakula. Niliiamini njia hiyo kwa moyo wote. Bado naiamini, na ndiyo maana leo inauma hivi.

Dezire nilimkuta nje ya stesheni, baridi ilipoanza, ameketi juu ya katoni. Aliponisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu, akasema taratibu, "Dada, saidia na coin moja tu, nipate kitu ya moto." Mrundi mwenzangu, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nikamwambia coin sina, lakini nyuma ya barabara kuna ukumbi, twende. Akasita sana. Nikambembeleza, akaja.

Kidogo kidogo akazoea. Aliumia mgongo ghalani alikokuwa akifanya kazi, kazi ikaenda, ndoa ikafuata, akalala kwa marafiki mpaka marafiki wakaisha. Mama yake, ambaye bado yuko Kigoma, anajua mwanawe ana kazi nzuri na nyumba. Haya aliniambia siku moja tukikunja viti. Hakuniambia nisiseme. Lakini mtu mzima haambiwi.

Ukumbini hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Jina moja linatosha. Helen, mama wa Kizungu anayeshughulikia vyumba, alikuwa akikaa naye pembeni na chai, wanaongea polepole. Wiki iliyopita chumba kikapatikana. Kiko Penrith, mbali kidogo, lakini kina kitanda na mlango, na ufunguo unakuwa wake mwenyewe. Alikuwa akabidhiwe leo.

Nilifurahi mno. Furaha ndiyo iliyoniponza.

Jumapili baada ya ibada nikamwambia Mama Shukuru, kiongozi wa akina mama kanisani, kwamba tumwombee kijana wetu. Najua, najua. Kwetu umbea ukitaka kutembea huvaa kwanza nguo ya maombi. Mama Shukuru akashika mdomo: mtoto wetu analala nje, na sisi hatujaenda hata kumwona? Na kweli, kwetu mtu akipatwa na jambo hukai nyumbani. Unajifunga kitenge, unabeba sufuria, mnakwenda wengi kumpa pole. Akiona watu wamejaa, anajua hayuko peke yake. Ndivyo tulivyozikana kambini, ndivyo tulivyouguzana. Sikuona kosa lolote. Niliona aibu tu kwamba sikuliwaza mapema.

Basi leo wakaja, gari mbili zimejaa. Wali, maharage, mboga yetu ya lengalenga, blanketi jipya. Mama Shukuru alianzisha pambio mlangoni kabla hata hajafunga mwavuli. Dezire alikuwa mezani na Helen, amenyoa ndevu, amevaa shati safi. Akainua kichwa.

Mama mmoja akamtambua, akapiga kelele ya furaha. "Eh! Huyu si mtoto wa Mama Konsolata? Ngoja nimpigie mama yako video call sasa hivi, akuone!"

Simu tayari ilikuwa mkononi.

Dezire akasimama. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniua. Alipita karibu nami, akaniangalia kama mtu aliyechoka sana.

"Dada, umeleta watu," akasema.

Akatoka kwenye mvua bila koti. Nilimfuata mbio mpaka stesheni, nikazunguka maduka yote, hayupo. Ufunguo aliuacha mezani kando ya chai yake.

Helen hakunigombeza. Aliniambia kwa upole kwamba Dezire aliwahi kumweleza kwa nini anapenda kuja pale: ni mahali ambapo hakuna anayemjua mama yake. Chumba watakishika mpaka Jumatatu. Asipotokea, atapewa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi.

Mama Shukuru alisema tumekataliwa mbele ya Wazungu, halafu akajifunika uso na khanga akalia kuliko mimi. Simu ya Kigoma tuliizuia. Kwa leo.

Siku zote nimesema sarafu ni msaada wa mtu asiyetaka kumjua anayemsaidia. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayehitaji hivyo hasa, asijulikane, mpaka atakapokuwa amesimama tena. Shirika lilimpa hilo pamoja na kitanda. Mimi nikamnyang'anya vyote kwa upendo.

Kwa hiyo nimeamua. Mchango wangu utaendelea kupitia benki, ambako hauna sura. Akina mama nimewaomba wasirudi, na wamenuna, na wanune. Helen nimemwambia Alhamisi zangu zimekwisha. Nikikutana na Dezire barabarani, mimi niliyefundishwa kwamba hata adui husalimiwa, nitapita kama simjui. Mungu anisamehe.

Nje bado inanyesha. Sijui amelala wapi.

Dezire, najua husomi mambo haya. Kama umepata mahali pa joto, kaa hapo. Kama hujapata, rudi ukumbini kabla ya Jumatatu. Sitakuwepo.