Chelimo Hasomei Kupiga Taipu

S.L.P. 84,
Kapsoit.
14 Septemba 1997

Mpendwa shemeji Kiptum,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Joto la Lodwar likoje? Kile kifua kimepona? Sisi ni wazima, majani ya chai yanatoka vizuri, na yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike.

Shemeji, nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Unajua Chelimo wangu ndiye msichana wa kwanza hapa kwetu kusomea udaktari. Wakisema najivuna, sawa, najivuna. Basi muhula uliopita aliniandikia kwamba wanasoma moyo na misuli kwa kompyuta. Barua nikaibeba mpaka pale tunapopimia majani, nikawasomea akina mama tukingoja lori. Hapo ndipo nilikosea. Kaka yenu Johana alikuwa nyuma yangu na kikapu chake.

"Kumbe anasomea kupiga taipu!" akasema. "Mama Chelimo, hata ng'ombe wangu siwezi kumtibu na televisheni."

Walicheka mpaka karani akaacha kupima.

Hakuishia hapo. Amemwambia Baba Chelimo kwamba chuo kinatudanganya, msichana asirudi, atafutiwe kozi ya ualimu. Na mume wangu, vile unamjua hawezi kumpinga kaka yake, amenyamaza tu. Huko kunyamaza ndiko naogopa.

Chelimo amekuja likizo, akajaribu kuwaeleza. Wanafungana waya mikononi wao wenyewe, mmoja anapanda ngazi mbio, na kompyuta inachora moyo wake unavyopiga. Misuli wanaisomea kwa chura: wa kweli ukimpasua amekwisha, lakini wa kompyuta unamrudia hata mara ishirini mpaka uelewe. Wagonjwa watawakuta baadaye wodini. Johana akamuuliza, "Na huyo chura wa kioo anakula nini?" Mtoto akatoka, chai yake ikabaki mezani.

Sasa wewe ni mtu wa maabara. Mwandikie Baba Chelimo upesi. Mwambie hata darubini yako ni mashine, na hakuna mtu amesema hujui kupima damu.

Chuo kinafunguliwa tarehe sita Oktoba. Barua yako ikifika, nitashukuru. Isipofika, nitampeleka mwenyewe mpaka stendi ya Kericho, na anayetaka kuninunia aninunie. Koti lake jeupe nimeshalipiga pasi.

Nisalimie Jerusa na watoto wote. Mungu awalinde huko kwenye jua kali.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,
Edinah, mama yake daktari