Hata Bodaboda Alimzika Mama

Placidia shoga yangu, mama yangu amezikwa jana kule Mabira na mimi sikuambiwa!

Leo asubuhi nimemfungia mkungu wa ndizi, nikampa bodaboda ampelekee. Akanishangaa. "Bibi, nimpelekee nani? Si tulimzika jana?"

Tulimzika jana! Hata bodaboda alimzika mama yangu! Nikakaa chini palepale, moyo unadunda mpaka kanga inatikisika.

Jovin mwanangu aliniaga jana anakwenda kikao cha wakulima wa kahawa, kumbe anakwenda kumzika bibi yake. Eti, "Mama, tuliogopa presha yako."

Zahanati alikonipeleka wamenipima presha, mia na tisini. Jovin akamgeukia nesi: "Umeona? Ndiyo maana tulimficha."

Vidonge nimemeza, Placidia. Lakini konzi yangu ya udongo nitamtupia mama lini?