Boay, Bayo na Majina Niliyoyabadilisha

Baba, shikamoo.

Kitabu kimetoka. Wasomaji wameanza kuniuliza maswali, na linalorudi mara nyingi ni hili: majina ya wahusika nayachaguaje hata msomaji hapotei, ingawa watu ni wengi? Huwa najibu kwamba nilifundishwa na karani wa shamba la ngano. Wanacheka, wanadhani natania. Leo naieleza habari yote, na naieleza mbele yako wewe uliyekuwepo, nisije nikaongeza chumvi.

Ulikuwa karani wa kambi yetu kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule tambarare chini ya mlima Hanang. Asubuhi uliita majina ya wafanyakazi, mchana ulikaa kwenye redio ya mawasiliano ukipokea taarifa za mashamba mengine. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya nyumba za madereva wawili wa trekta. Upande mmoja aliishi Boay, mrefu, mpole, mtu wa kijiji cha Masieda. Mkewe tulimwita Mama Emanueli. Upande wa pili aliishi Bayo, mfupi, mwenye maneno mengi, mtu wa Gendabi, mume wa Mama Theresia. Boay na Bayo. Humu nawaacha na majina yao, kwa sababu ndiyo yaliyotuponza.

Msimu ule wote wawili walipelekwa kusaidia kulima shamba la mbali. Mimi nilikuwa darasa la sita, na siku hiyo nilikuwa nimebaki nyumbani na homa. Nilikuona unatoka ofisini, ukapita mlangoni kwetu bila kunitazama, ukaingia kwa Mama Theresia. Trekta lilikuwa limepinduka na dereva amefariki. Redio ilikuwa inakwaruza. Wewe ulisikia Bayo.

Mama Emanueli ndiye aliyefika wa kwanza. Alimdaka mwenzake asianguke, akamnawisha uso, akawasha moto na kuwapikia chai wanawake waliokuja kukaa msibani. Mchana kutwa hakumwachia mkono. Alasiri lori likaingia kambini, na Bayo akashuka kwa miguu yake mwenyewe, shati limejaa vumbi. Mama Emanueli alimwona kabla ya mtu mwingine yeyote. Alicheka kwa furaha, akamvuta Mama Theresia atoke nje aone kwamba mumewe yu hai. Halafu akageuka kumpa Bayo pole ya safari. Bayo alivua kofia akatazama chini. Hapo Mama Emanueli akajua nani alikuwa amelazwa nyuma ya lori.

Ulisimama mbele ya watu wote. "Kosa ni langu," ulisema. "Nilisikia vibaya, na sikuuliza mara ya pili." Redio hukuitaja kabisa. Tangu siku hiyo hakuna jina lililopita mezani kwako bila kurudiwa herufi kwa herufi, pamoja na jina la baba wa mtu na la kijiji chake. Makarani wa mashamba mengine walichoka nawe, wakakulalamikia hadi kwa meneja. Uliwasikiliza, kisha ukaendelea vilevile.

Miaka mingi baadaye, mashamba yalipokwisha nawe umestaafu, nilikuletea mswada wangu wa kwanza, riwaya ya familia ya wafugaji wa Kibarabaig na shamba lililofika kwenye malisho yao. Ulikaa nao siku tatu, penseli mkononi. Kisha ukaniita, ukafungua ukurasa mmoja.

"Hapa nimelia, mwanangu," ulisema. "Halafu nikakuta nimemlilia mtu ambaye hajafa."

Sikuhitaji kuuliza ulikuwa unakumbuka nini. Wanaume watatu wa riwaya yangu waliitwa Gidamis, Gidabasu na Gidahoda. Hata hivyo nilibisha. Nilisema ndivyo majirani zetu Wabarabaig wanavyowaita wanaume wao, na nikiwaita vingine nitakuwa nimewadanganya. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Ukasema hukuniomba nidanganye, uliniomba nichague. Kwamba hao watu nimewazaa mimi, kwa hiyo sina kisingizio alichokuwa nacho karani wa redio.

Niliondoka nimenuna, lakini nilifanya kazi. Gidamis, anayekufa, nilimwachia jina lake. Mdogo wake nilimbatiza, akawa Petro, na nikaandika kabisa sura ya ubatizo wake, ambayo sasa ndiyo wasomaji wanayoipenda. Wa tatu nikampa jina ambalo majirani walimwita, Mzee Kimya. Nikagundua pia kwamba mama mmoja nimemwita kwa majina matatu tofauti, la kwao, la mtoto wake na la kanisani, nikamwachia moja. Mlinzi wa geti, anayeonekana mara moja tu, nikamnyang'anya jina, akabaki mlinzi. Kisha nikasoma kitabu chote kwa sauti, maana majina mengine hayafanani kwa macho ila yanafanana masikioni. Mhariri wa mjini alipotaka Gidamis naye apewe jina jepesi, nilikataa. Jina gumu msomaji hulizoea akifika ukurasa wa tano. Mawili yanayofanana hayazoei mpaka mwisho. Kwa hilo sina shaka hata kidogo, na mhariri mwenyewe alikubali.

Hukukiona kimechapwa. Nakala ya kwanza nilimpelekea Mama Emanueli huko Masieda. Ni mzee sasa, macho yamefifia, basi nilikaa karibu naye nikamsomea ile sura ya kifo cha Gidamis. Nilipomaliza nilimwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba baba yangu aliondoka duniani bila kujisamehe kwa siku ile.

Alinigeukia kama mtu aliyesikia habari ngeni.

"Kujisamehe nini? Mume wangu alikufa asubuhi. Kwa sababu ya baba yako, mimi nilikaa mke wa mtu mpaka alasiri. Na nilikuwa na nguvu za kumshika mwenzangu. Ningeambiwa mapema, nani angenipa hayo masaa? Ungemwambia."

Nimekuambia sasa, baba. Lala kwa amani.

Ni mimi, binti yako wa tatu,
kutoka Jorodom, Katesh.