Baba Yuko Juu ya Muringa

Mitunguu, Septemba 1977

Dada Karambu,

Ndizi zimezaa vizuri, na yule mbuzi wako bado ana kiburi. Baba hajambo, ila siku hizi anaishi juu ya mti wa muringa. Amejenga dungu huko, akapanda na bunduki, anamngoja ndovu aliyemuua mama.

Askari wa wanyama alipita, akamwambia, "Mzee, uwindaji umepigwa marufuku tangu Mei. Leseni yako imekufa. Ukipiga, nitakushika."

"Na kukaa?"

"Kukaa si kosa."

"Basi nimekaa."

Mimi nilimkumbusha kwamba dungu ni la fito tu, na bunduki ile ikimsukuma bega, yeye ataanguka kabla ya ndovu. Akaniambia nirudi kwa vitabu vyangu.

Jana asubuhi ukungu ulijaa shambani kama maziwa. Ndovu akaja bila kishindo, akasimama chini ya mti, masikio yakipepea polepole. Baba akalenga. Halafu akaishusha bunduki, akaanza kumshtaki kama wazee wanavyoshtaki barazani: jina la mama, ukoo wake, siku aliyokufa. Akadai fidia. Ndovu alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kujibu.

Sasa baba anasema mshtakiwa amedharau baraza, na akirudi atapigwa risasi. Njoo upesi, dada. Mimi hanisikii. Wewe una sauti ya mama. Simama chini ya mti, umwite aje kula.

Mdogo wako anayekungoja,
Mithika