Taa ya Pampu na Kichuguu cha Mama Mwadi

Kazi moja, Jumatatu, 3 Novemba 1952. Kamina

Nimepanga sanduku mara ya tatu. Pamba, makasi, sabuni, ndoo mbili za kuchemshia maji. Enfirmie Monga, muuguzi wetu, amefungua tena, ametoa ndoo moja ili taa yake ipate nafasi. Nimeirudisha. Ameitoa. Nimechoka na huyu muntu na bado hatujatoka hata lupangoni mwa hospitali.

Taa, taa, taa. Juma zima ni hiyo tu. Monga anataka taa ya pampu, ile inayovuma na kuwaka kama mchana. Anasema bantu ba vijijini bakiona mwangaza watajua kazi imefika. Banza, shofere wetu, anataka waya kutoka betri ya kamyo na balbu juu ya turubai. Karani wa stoo anasema taa mbili za utambi zinatosha, maana hazimalizi petroli. Yeye haendi popote, atalala kwake.

Mimi njo mukunga. Mimi njo nitapiga magoti mbele ya muke wa bantu. Hakuna aliyeniuliza. Nimesema hata hivyo: pampu. Inaniuma kukubaliana na Monga.

Ni kwa ajili ya Umba, kule Kabondo-Dianda. Amezaa mara mbili nyumbani, na mara mbili mutoto amekufa. Sasa ana mimba ya tatu, imekomaa. Docta ameniambia asizae tena peke yake. Kwa Umba nataka kuona mikono yangu.

Kazi tatu, 5 Novemba. Njiani, karibu na reli

Balbu ya Banza ilishinda jana. Tulilala kando ya njia, akatuomba jioni moja tu aonyeshe. Mwanga mzuri, sitasema uongo. Nilishona kifungo cha kanzu yangu chini yake.

Leo asubuhi kamyo haikuitika. Betri imekufa. Manivela, chuma cha kuzungushia injini? Iko Kamina. Monga aliitoa ili taa yake ipate nafasi. Anasema hivyo bila haya, akipiga mswaki.

Sikupiga kelele. Nilikaa juu ya jiwe nikabaangalia wote wawili. Banaume ba reli walikuja kutusukuma kwenye matope. Kanzu yangu nyeupe sasa ina rangi ya tofali. Banza anasema balbu haina kosa, betri njo mzee. Sawa. Balbu imeingia sandukuni, na yeye nusura aingie nayo.

Kazi ine, 6 Novemba. Kabondo-Dianda

Tumefika. Kambi kama kawaida: turubai limefungwa ubavuni mwa kamyo, nguzo mbili, kitanda ndani. Monga amechagua mahali. Pako wazi, pamekauka, karibu na kichuguu kikubwa. Chini ya kichuguu kuna shimo lililochimbwa juzijuzi, kuta zimepakwa udongo laini. Nililiona. Nilifikiri mutu anataka kufyatua matofali. Njo faida ya kukulia kwenye lupango la misioni.

Umba amekuja na mamamukwe wake, Mama Mwadi. Nimepapasa tumbo. Kichwa cha mutoto kiko juu, chini ya mbavu. Atatoka kwa makalio. Umba alikuwa anasoma uso wangu, nikaangalia pembeni.

Nimemwambia Mama Mwadi: alale hapa kuanzia kesho. Wale wajukuu wawili alibazika yeye mwenyewe. Alilitaja kama anayesema mvua imenyesha. Halafu akakubali. Sharti moja, banaume basikaribie turubai.

Nimefurahi. Niandike hapa, maana haitokei mara nyingi safari hii.

Kazi tano, 7 Novemba

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Mvua ilinyesha mchana, ikaacha. Jioni Monga akapampu taa yake, akaitundika mbele ya turubai. Ilivuma vizuri. Kisha kumbikumbi. Kwanza wachache, kisha hewa yote. Ndani ya maji niliyochemsha. Ndani ya pamba. Ndani ya nywele zangu. Umba amejifunika kitenge uso mzima.

Na kijiji kizima nyuma yao. Bamama, batoto, banaume, kila mutu na beseni lake, wanaokota hadi kwenye mlango wa turubai. Baba mukwe wa Umba naye, ambaye kwa desturi yeye na Umba hawapaswi hata kukutana njiani. Monga anacheka, anakaanga wake.

Kisha Mama Mwadi akaja, mienge ya nyasi mkononi. Kile kichuguu ni cha nyumba yake. Shimo ni lake, alichimba yeye, na mienge ilikuwa ya kubaita kumbikumbi watumbukie humo. Njo kitoweo cha Umba cha siku za kulala ndani na mutoto. Taa yetu imebaita wote, na kila jirani amebeba. Kwao hapa ni wizi, kama kuvuna shamba la mwenzako.

Sikujua. Monga hakujua. Hatukuuliza.

Hakutukana mutu. Alisema tu, "Taa yenu iko mukubwa, lakini haina adabu." Akamshika Umba mkono wakaenda.

Siku ya posho, 8 Novemba

Monga anataka kwenda kwa shefu, atume polisi bamlete Umba. Nimemwambia akithubutu nitarudi Kamina kwa miguu. Banza anataka kujaribu balbu tena. Mungu wangu.

Nimekwenda peke yangu kwa Mama Mwadi. Nilibeba beseni la kumbikumbi tuliookota sisi, na wale wa Monga, ambao alikuwa ameshatia chumvi. Nilipiga magoti. Ameacha beseni nje, hakuligusa. Umba alikuwa nyuma ya nyumba, anatwanga, tumbo limeshuka. Zimebaki siku mbili, labda moja.

Baadaye Mama Mwadi akanipa masharti yake. Mvua ikinyesha tena, taa ya pampu itakaa juu ya shimo lake, mpaka mabeseni yake yajae. Hapo Umba atalala kwetu.

Nimekubali. Monga analalamika kwamba taa ni ya serikali. Nimemwambia na kumbikumbi ni wa Mama Mwadi.

Siku ya Mungu, 9 Novemba

Tumeimba wimbo mmoja, tumesali. Umba amekuja na mkeka wake. Mvua saa nane. Jioni Banza amebeba taa mpaka kichuguuni, ameitundika juu ya shimo.

Uchungu umeanza hapo hapo. Ingekuwa ajabu uanze wakati mwingine.

Taa ya pampu kule. Huku taa moja ya utambi, ya kuazima kijijini. Mutoto anatanguliza makalio. Nilisimama mlangoni, nikatamani kwenda kuichukua. Lakini nimetoa neno, na nikivunja, Umba ataondoka hata akiwa na uchungu. Nimebaki. Niliogopa sana.

Turubai lilikuwa safi. Hakuna kumbikumbi hata mmoja. Hakuna mutu. Wote wamefuata mwangaza kule, na baba mukwe pia. Maji yangu yalibaki maji.

Umba akalia kwa sauti. Mara moja tu, hakurudia. Mama Mwadi akaingia mbio, mikono imejaa mabawa. Kule shimo lilikuwa linajaa, majirani wamesimama wakitazama. Hakugeuka. Alinawa, akachukua taa ya utambi, akaishusha pale pale nilipohitaji, na hakuitikisa.

Miguu. Mabega. Kichwa kikakawia. Kikakawia tena. Nilifanya nilivyofundishwa, polepole, na sikuona chochote ila vidole vyangu.

Mutoto muke. Alikuwa wa buluu. Nimemsugua, nimempulizia. Akakohoa.

Kazi moja, 10 Novemba

Asubuhi baridi. Banza anafunga kamba. Monga ameuliza safari ijayo tubebe taa gani. Nimesema ya pampu na ya utambi, kubwa ikae mbali. Ameandika kwenye orodha yake.

Shimo la Mama Mwadi ni tupu. Majirani wamebeba wote alipokuwa kwetu. Hakuuliza nani.

Amekaa kwenye mkeka kando ya Umba, mutoto juu ya mapaja yake. Jua limepanda juu ya kamyo. Ameshika ncha ya kitenge, anamkinga mutoto macho.